Bibi Maria Montessori na Kalamu za Rangi za Watoto Wadogo



Majilio yamekaribia, na kama kila mwaka walimu wa Shule ya Jumapili wameanza kuulizana wale watoto wadogo wafanyiwe nini. Wakubwa wana mazoezi ya kwaya. Wa kati wana mchezo wa kuzaliwa kwake Bwana wetu. Lakini wale wa miaka mitatu, minne na mitano, wasiojua kusoma wala kuweza kukaa katika mazoezi ya saa nzima, hupewa karatasi yenye picha ya nyota au ya hori, na kalamu za rangi tatu nne, wakaambiwa wakae chini wapake rangi. Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba hiyo ni njia ya kuwanyamazisha tu, na kwamba fedha ya kalamu hizo ingefaa kununulia kitu kingine.

Hatutaki kubishana na mtu. Tumeona afadhali tusimulie maisha ya bibi mmoja aliyefariki zamani, ambaye alizitazama kazi ndogo kama hizi kwa makini kuliko watu wengi, akaonyesha ni mambo gani yatendekayo katika mkono na akili ya mtoto apakapo rangi kwa utulivu. Jina lake ni Maria Montessori. Hakuwa wa Kanisa letu la Anglikana, bali alikuwa Mkatoliki wa Italia. Lakini mema aliyoyagundua ni ya watoto wote, wa kila dhehebu.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alikuwa mtu wa kupenda vitabu. Hawakuwa na mtoto mwingine. Maria alipokuwa bado mdogo wazazi wake walihamia Roma, na huko ndiko alikosomea.

Siku zile msichana aliyefanya vizuri shuleni alitazamiwa kuwa mwalimu, na baba yake alitaka hivyo. Maria alikataa. Kwanza alipenda uhandisi, kisha akabadili nia akataka kuwa daktari. Jambo hilo lilikuwa la ajabu kwa mwanamke, na baba yake hakulifurahia. Hata hivyo alifaulu kuingia Chuo Kikuu cha Roma. Kwa kuwa haikuonekana vema mwanamke aupasue mwili wa maiti mbele ya wanaume, ilimbidi afanye kazi hiyo peke yake, jioni, wenzake wakiisha kuondoka. Mama yake ndiye aliyemtia moyo. Mwaka 1896 alihitimu, naye akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kupata shahada ya udaktari nchini Italia.

Hivyo yule aliyekataa kuwa mwalimu akaanza kazi kama daktari. Mungu alikuwa na njia yake ya kumrudisha.

Katika kazi yake alitembelea nyumba za wagonjwa wa akili za mji wa Roma. Humo waliwekwa pia watoto wenye upungufu wa akili, wamechanganywa na watu wazima, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Inasimuliwa kwamba katika nyumba moja mwangalizi alimlalamikia kwamba watoto wale walikuwa kama wanyama, kwa maana wakiisha kula walitambaa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Daktari Montessori alikitazama chumba kile. Hakikuwa na kitu cho chote cha kushika, wala kijiti, wala kijiwe. Akawaza kwamba huenda njaa ya watoto wale haikuwa ya tumbo. Mikono yao ndiyo iliyokuwa na njaa, nao waliyashika makombo kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kufanyia kazi.

Wazo hilo halikumwacha maisha yake yote. Alitafuta vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, waliowahi kufundisha watoto kama hao kwa kutumia vitu vya kushika na kupapasa. Mwaka 1900 akawa mmoja wa viongozi wa shule ya watoto wenye upungufu wa akili pale Roma. Alikaa nao mchana kutwa, na usiku aliandika aliyoyaona. Baadaye baadhi ya watoto wale walijua kusoma na kuandika, wakafanya mtihani pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walistaajabu. Yeye alistaajabia jambo jingine: ikiwa hawa wamefika hapa, ni kitu gani kinachowazuia watoto wazima katika shule za kawaida hata wasifike mbali zaidi?

Hapa yatupasa kusema jambo la huzuni, maana si vema kusimulia maisha ya mtu tukaficha machozi yake. Tarehe 31 Machi 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba wa mtoto alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano, lakini hawakuoana. Kwa desturi za siku zile jambo hilo lingejulikana, kazi yake yote ingekwisha. Mtoto akapelekwa shamba, akalelewa na watu wengine. Mama yake alikuwa akienda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa kwamba huyu ndiye mama yake. Basi yule aliyewafundisha akina mama wa dunia nzima kuwatazama watoto wao, wa kwake hakumwona akikua. Hatuna ruhusa ya kumhukumu. Twaomba tu msomaji alikumbuke jambo hili tunapoendelea.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile akarudi tena kusoma, safari hii falsafa na elimu ya binadamu. Kisha mlango mwingine ukafunguliwa.

Katika mji wa Roma palikuwa na mtaa wa watu maskini ulioitwa San Lorenzo. Shirika moja la nyumba, ambalo mkurugenzi wake alikuwa Bwana Edoardo Talamo, lilitengeneza upya majengo ya huko likayapangisha kwa wafanyakazi. Wazazi walikwenda kazini asubuhi. Watoto wakubwa walikwenda shule. Wadogo walibaki peke yao, wakikimbia ngazini na kuchafua kuta mpya. Bwana Talamo alitaka chumba kimoja cha kuwakusanya, akamwomba Daktari Montessori akisimamie.

Chumba hicho kilifunguliwa tarehe 6 Januari 1907. Sisi Waanglikana twaijua siku hiyo: ni Epifania, ambayo Kanisa hukumbuka Mamajusi walioifuata nyota mpaka alipokuwa Mtoto. Daktari Montessori hakuisahau tarehe hiyo, wala somo la siku hiyo katika Isaya sura ya 60, lihusulo nuru inayowazukia watu walio gizani. Nyumba ile ikaitwa Nyumba ya Watoto. Waliokusanywa walikuwa kama 50 hivi, tangu miaka miwili mitatu mpaka sita. Walikuja na nguo kuukuu, wengi wakilia na kujificha. Mlezi wao alikuwa msichana asiyekuwa na cheti cha ualimu. Daktari hakumpa masharti mengi, ila alimwonyesha namna ya kuwapa watoto vitu vile, na kwamba baada ya hapo akae pembeni atazame.

Tajiri mmoja mmoja walileta vitu vya kuchezea vya bei kubwa, wanasesere na vyombo vidogo vya jikoni. Watoto walivitazama, wakaviacha. Walivipenda zaidi vile vifaa vya Daktari, vipande vya mbao na maumbo ya kupanga. Siku moja alimwona msichana wa miaka mitatu hivi akichomeka vipande vya mviringo katika matundu yake, kila kimoja mahali pake, kisha akivitoa na kuanza tena. Daktari akawaambia wenzake waimbe wakimzunguka. Mtoto hakuinua macho. Akamwinua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, uso wake ukiwa na furaha kama mtu aliyeamka katika usingizi mzuri.

Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kelele za darasa la watoto. Tulidhani utulivu wa mtoto huletwa na fimbo, au na macho makali ya mwalimu. Daktari Montessori aliona kwamba mtoto hutulia mwenyewe akipata kazi iliyo saizi ya mikono yake.

Siku nyingine uani alimkuta mwanamke amepakata mtoto mchanga wa miezi minne, amefungwa nguo zake vizuri, yuko kimya kabisa. Akamchukua akaingia naye darasani. Akawaambia wanafunzi kwamba hakuna hata mmoja wao awezaye kutulia kama huyu, wala kupumua polepole hivi. Watoto wakatabasamu, kisha wakajaribu. Hakuna aliyesogeza mguu. Sauti ya saa ikasikika ukutani, sauti ambayo hawakuwahi kuisikia. Tangu siku hiyo walipenda kufanya zoezi la kimya, na mwalimu akawa anawaita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya kunong'ona. Kila tusomapo habari hii twawaza juu ya Krismasi, kwa kuwa huko nako mtoto mchanga aliwatuliza watu wazima waliokuja mbio kutoka makondeni.

Sasa tufike kwenye kalamu za rangi. Katika nyumba ile, na katika nyingine zilizofunguliwa baada yake, Daktari alizipanga kazi za rangi kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuzijua rangi kwa macho. Watoto walipewa vibao vidogo vilivyozungushiwa nyuzi za hariri. Zilikuwa rangi 8, na kila rangi ilikuwa na viwango 8, tangu iliyokoza mpaka iliyopauka, jumla vibao 64. Mwalimu aliweka viwili mezani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Kwanza alitaja jina la kila kimoja, basi. Kisha alimwomba mtoto ampe kile chekundu, halafu kile cha buluu. Mwisho alikionyesha kimoja na kuuliza ni rangi gani. Mtoto akikosa hakukaripiwa wala kuambiwa amekosa. Mwalimu aliyaacha mambo hayo kwa upole, akayarudia siku nyingine. Njia hiyo ya hatua tatu aliipata kwa Séguin.

Hatua ya pili ilikuwa vibao vya chuma. Kila kibao kilikuwa na tundu lenye umbo fulani, kama duara, mraba, pembetatu au yai, na kipande cha chuma kilichoenea kabisa katika tundu lile, chenye kishikio kidogo. Mtoto aliweka kibao juu ya karatasi, akapitisha kalamu ya rangi kuufuata ukingo wa tundu. Akaondoa kibao, akaweka kile kipande juu ya mchoro uleule, akakizungushia kalamu ya rangi nyingine. Kisha akajaza ndani kwa mistari, toka upande hata upande, akijitahidi asipite mpaka. Siku za kwanza mistari ilikwenda ovyo na kutoka nje. Baada ya majuma kadhaa ikanyooka, ikakaribiana, ikakoma mahali ilipotakiwa kukoma. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo yalikuwa mazoezi ya mwandiko. Wao walijua wanapaka rangi.

Hatua ya tatu ilikuwa picha zilizochorwa mistari ya nje tu: maua, vipepeo, miti, wanyama, na baadaye mandhari yenye nyasi, mbingu, nyumba na watu. Walipaka kwanza kwa kalamu, na baadaye kwa brashi na rangi za maji. Rangi walichagua wenyewe. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo twapenda kila mwalimu wa Shule ya Jumapili alisikie. Mtoto akipaka kuku rangi nyekundu yote, au ng'ombe rangi ya kijani, Daktari hakumsahihisha. Alisema kwamba hiyo ni alama tu kuwa mtoto bado hajawatazama kuku na ng'ombe kwa makini. Dawa yake ni kuendelea kumzoeza kuzitazama rangi na vitu vilivyomzunguka, na siku moja, bila kuambiwa, atapaka kama alivyoona. Basi karatasi ile humwonyesha mwalimu mahali mtoto alipofika.

Mwanzoni Daktari hakuwa na nia ya kuwafundisha wadogo wale kuandika. Ni mama zao waliomwomba, na wengi wao hawakujua kusoma wenyewe. Akatengeneza herufi za msasa na kuzibandika juu ya kadi. Mtoto aliipapasa herufi kwa vidole viwili, kwa kufuata njia ya kuiandika, huku akitamka sauti yake. Hivyo kidole kilijifunza umbo la herufi, na mkono ulikuwa umekwisha kujifunza kuitawala kalamu katika kupaka rangi. Ilibaki mambo hayo mawili yakutane.

Yalikutana mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1907. Siku moja kulikuwa na jua zuri, na Daktari alipanda na watoto juu ya paa la jengo, lililokuwa tambarare. Alikaa karibu na bomba la moshi, akampa mvulana wa miaka mitano kipande cha chaki, akamwomba amchoree bomba lile. Mtoto akapiga magoti akachora sakafuni. Daktari akamsifu. Mtoto akamtazama, akatabasamu, akanyamaza kidogo, kisha akapaza sauti kwamba anajua kuandika. Akainama tena, akaandika neno la Kiitaliano la mkono, kisha la bomba la moshi, kisha la paa. Wenzake wakakusanyika, wakaomba chaki nao, na mmoja mmoja wakaandika, watoto ambao hawakuwahi kushikwa mkono na mtu kufundishwa kuandika. Siku zilizofuata waliandika kila mahali, sakafuni, milangoni, hata juu ya mikate nyumbani.

Krismasi ilipofika, wawili wa watoto hao, wenye umri wa miaka minne, waliandika barua ya heri na shukrani kwa Bwana Talamo kwa niaba ya wenzao. Waliiandika kwa wino, bila doa wala neno lililofutwa, kwa mwandiko ambao watu waliuhesabu kuwa sawa na wa mtoto wa darasa la tatu. Nayo ilikuwa haijatimia miezi miwili tangu waanze kuzipapasa herufi. Watoto waliokuwa wakichafua kuta za mwenye nyumba wakamwandikia mwenye nyumba salamu za Krismasi.

Habari zikaenea. Mwaka 1909 Daktari alichapisha kitabu chake cha kwanza juu ya njia hiyo, na katika muda mfupi kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Walimu walikuja Roma kutoka nchi za mbali. Mwishoni mwa mwaka 1912 mama yake alifariki. Mwaka uliofuata Mario, aliyekuwa kijana wa miaka 15 hivi, alikuja kukaa naye. Kwa miaka mingi bado alitambulishwa kwa watu kama mpwa au mtoto wa kulea, lakini tangu hapo hawakuachana. Mwaka 1929 walianzisha pamoja chama cha kimataifa cha kuilinda na kuieneza kazi hiyo.

Maisha yake hayakuwa laini. Serikali ya Mussolini kwanza ilizisaidia shule zake, maana ilipenda sifa. Lakini watawala wa namna ile huwataka watoto watii amri, naye alitaka wajitawale. Hawakuweza kupatana. Mwaka 1934 aliondoka Italia, na shule zake zikafungwa. Katika Ujerumani ya Hitler pia zilifungwa. Alikuwa amefanya makao yake Barcelona, na mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vikamtoa huko pia. Akaenda Uholanzi, akiwa na miaka 66, akaanza upya.

Mwaka 1939 alialikwa Madras, Bara Hindi, kufundisha walimu. Alikusudia kukaa miezi michache. Juni 1940 Italia ikaingia vitani dhidi ya Uingereza, na kwa kuwa Waingereza walitawala Bara Hindi, yeye na Mario wakawa raia wa nchi adui. Mario akatiwa kambini. Mama mzee akaachwa pale alipokuwa akifundisha, asiruhusiwe kwenda mbali. Tarehe 31 Agosti mwaka ule alitimiza miaka 70. Serikali ikampelekea simu ya maandishi kumwarifu kwamba zawadi yake ya siku ya kuzaliwa ni kurudishiwa mwanawe. Twafikiri hakupata kupokea karatasi iliyo bora kuliko hiyo. Ile siri ya zaidi ya miaka 40 iliandikwa na wageni, wazi, na kwa heshima. Walibaki Bara Hindi hata vita vikaisha, wakafundisha zaidi ya walimu 1000.

Alirudi Ulaya mwaka 1946. Jina lake lilipendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani, mwaka 1949, 1950 na 1951, ingawa hakuipata. Tarehe 6 Mei 1952, akiwa na miaka 81, alikuwa Noordwijk aan Zee, pwani ya Uholanzi. Inasimuliwa kwamba siku hiyo alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda Gold Coast, nchi iliyokuja kuitwa Ghana, ambako walihitajika walimu wa watoto. Mario aliona afya yake haitaruhusu. Baada ya muda mfupi akafariki, na huko huko akazikwa. Katika wosia wake alimtaja Mario kuwa ni mwanawe. Miaka mingi baadaye nchi yake iliweka picha yake kwenye noti ya lira 1000, iliyoanza kutumika mwaka 1990 na kuondoka ilipokuja fedha mpya ya Ulaya mwaka 2002.

Afrika hakuifikia mwenyewe, lakini kazi yake ilifika. Hapa Tanzania vipo vyuo vya kuwafundisha walimu wa Montessori, na baadhi ya wajukuu zetu wamesoma katika shule hizo. Zamani tuliziita shule za vidudu. Siku hizi watu husema chekechea.

Sasa, ndugu wasomaji, na sisi tuungame. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa habari za bibi huyu. Tuliandika jina lake katika daftari, tukajibu swali katika mtihani, tukamsahau. Tukaenda kufundisha darasa la kwanza. Mwaka mmoja, karibu na kufunga shule kwa Krismasi, tulimkuta mtoto mmoja amemaliza hesabu zake, anachora nyota katika daftari na kuipaka rangi polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, hasikii lo lote. Tulimchapa rula vidoleni kwa kuchezea daftari la shule. Mtoto yule alikuwa na mwandiko mbaya, naye alikuwa akijitibu mwenyewe mbele ya macho yetu, sisi tukaukatisha uponyaji wake. Hakuchora tena katika darasa letu. Twalikumbuka jambo hilo kila Majilio.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa Shule ya Jumapili, na akina mama na akina baba nyumbani, wasizidharau karatasi zile. Haihitajiki fedha nyingi. Chukua boksi kuukuu, ukate tundu la umbo la nyota, jingine la duara, jingine la kengele, na uvihifadhi vile vipande vilivyotoka. Hapo umepata vibao vya Daktari Montessori bila kununua chuma. Mpe mtoto kalamu tatu zilizochongwa vizuri, kwa maana kalamu butu huuchosha mkono. Mwonyeshe mara moja, polepole, bila maneno mengi, kisha uondoke karibu yake. Asipokwisha leo, mwekee akamalizie kesho. Akisha, arudishe kila kitu mahali pake mwenyewe.

Na akimpaka punda wa Bethlehemu rangi ya zambarau, msimcheke. Jioni mmpeleke akamwone punda wa jirani, au ng'ombe zizini, au mbuzi, amtazame hata achoke.

Shuleni kwetu mwaka huu karatasi za picha za kuzaliwa kwa Yesu zitagawiwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ibada ya pili. Watoto wasio na kalamu watapewa. Sisi wenyewe tumenunua paketi mbili, na tumeomba tukae katika chumba cha wadogo kuzichonga.